Jamaa Yetu wa Ukutani

Sisi watoto wa Kiunguja tuliokulia Dubai enzi zile tulifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusoma. Mgeni akibisha hodi, baba alichungulia kwanza, kisha bibi akachungulia kuhakikisha baba kachungulia sawasawa. Jirani akituuliza tumekula nini, tulijibu, "Alhamdulillahi," tukapita, na huku mikono bado inanukia pweza wa nazi. Ugonjwa huo sikupona. Hapa mtaa wa International City, Dubai hii hii, ninapokaa sasa, mtu akinisalimia mara mbili kwa siku najiuliza anataka nini.

Lakini raha tulizipata. Tulicheza nage uchochoroni mpaka mchanga ukatuunguza nyayo, tukakimbilia ndani kwenye maji ya mtungi na mkate wa kumimina wa bibi. Jioni baba akirudi kutoka ghala la vipuri vya magari Ras Al Khor, nguo zimejaa grisi, tulimzunguka atuhadithie habari za picha ya ukutani.

Ilikuwa ya Mtaliana mmoja wa zamani, ndevu nyingi, macho makali. Baba, ambaye ujanani Unguja aliingia siasa kisha akalazimika kuikimbia, alitwambia kuwa mtu yule alikuwa mjamaa. Aliwasemea vibarua wa mashambani, akafungwa, akatoka akasema tena, akafungwa tena, mpaka watu wakamchagua aende bungeni, wa kwanza wa fikra zake kukaa humo. Jina lake baba hakututajia hata siku moja. Nasi kwa masikio yetu ya kitoto tulisikia "jamaa", tukajua ni ndugu yetu. Dada yangu Zuhura alikuwa akijitazama kwenye kioo na kudai pua ameirithi kwake.

Siku moja arbabu, bwana wa hapa aliyemdhamini baba kukaa nchini, alipita nyumbani kunywa kahawa. Hakuwahi kuja kabla. Baba alishuku papo hapo kuwa kuna mtu kapeleka maneno, na mimi mpaka leo namshuku fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Arbabu alikunywa finjani yake, akainua macho, akauliza yule ni nani. Baba aliamini kuwa neno "mjamaa" likitoka tu, tutafungishwa virago turudi kule kule alikokukimbia.

Zuhura akadakia kwa Kiarabu cha shule kwamba ni jamaa yetu, kafa zamani. Arbabu akamtazama baba, akaitazama picha, akarudi kwa baba. Hapo bibi, aliyekuwa mlangoni na sinia ya halua, akasema bila kupepesa macho, "Huyo kwa upande wangu."

Arbabu akamwombea Mtaliana rehema, tena kwa unyenyekevu, kisha akaongezewa kahawa. Bibi alirudi jikoni, tukamsikia akivuta astaghfirullah moja baada ya nyingine.

Mgeni alipoondoka, baba alituuliza nani katufundisha kuwa ni jamaa. Tukamwambia ni yeye. Akasema, "Basi ni jamaa. Khalas." Hakutusahihisha mpaka anakufa.

Juzi mwanangu aliipiga picha ile kwa simu, na kabla sijamaliza chai alishajua jina la mtu, mji wake na kesi zake zote. Vijana wa siku hizi hawali sahani ya wali bila kuutangazia ulimwengu, na hili alilitangaza ndani ya lifti, mbele ya watu nisiowajua, kwamba babu yake alikuwa mjamaa. Nikambana mkono. Akacheka, akasema, "Baba, nani ana habari na sisi?"

Labda kweli hakuna. Lakini enzi zile nazililia. Baba alizeeka salama katika nchi hii kwa kuwa wanawe hawakumwelewa, na kwa hiyo alituhadithia kila jioni. Mwanangu anaelewa kila kitu, na mimi simhadithii.