Bundi Aliyesema Kiswahili

Kila aliyeijua kazi yangu aliniuliza kuhusu joto. Hakuna aliyeuliza kuhusu mkojo, wala mgongo, wala walevi. Kwa misimu kadhaa nilikuwa maskoti wa timu ya kandanda hapa Sydney, yaani yule mnyama mkubwa wa manyoya anayerukaruka pembeni mwa uwanja na kuwapungia watoto mkono, na ukiniuliza leo ni kitu gani kilinichosha, joto litakuja nyuma kabisa. Kilichonichosha ni kunyamaza. Maskoti hasemi. Hasemi na havui kichwa mbele ya watu, hata akizirai. Mimi ni mwanamke wa Morogoro, na kwetu hata kununua fungu la nyanya ni mazungumzo.

Na mnyama mwenyewe alikuwa bundi.

Sikumchagua mimi. Klabu iliwaomba mashabiki wapige kura kabla sijaajiriwa, na Wazungu wanamwona bundi ni ndege mwenye akili nyingi, wanamvalisha miwani kwenye vitabu vya watoto. Siku nilipofunguliwa boksi na yale macho ya njano yakanikodolea, nilitabasamu, nikashukuru, kisha nikaenda chooni kumpigia simu dada yangu. Dada alinitaka nirudie, ni bundi kweli. Halafu akasema, "Wenzako wanakwenda ng'ambo wanarudi na magari. Wewe umevuka bahari kwenda kuwa bundi." Tukakubaliana kwamba mama aambiwe ni tai. Hadi leo mama anajua binti yake alikuwa tai.

Ningekataa, lakini nilikuwa nimechoka kuhudumia wazee zamu mbilimbili, na kazi ile niliipenda kabla sijaijua. Nikaijua. Nilishushwa kwa kamba kutoka juu ya paa la jukwaa, miguu ikipiga hewa, huku mtangazaji akipaza sauti kwamba bundi anaruka. Bundi hakuwa anaruka, bundi alikuwa anasali Baba Yetu. Wakati wa mapumziko nilishindanishwa mbio na papa na farasi wa timu nyingine, papa akanipiga ngwala na uwanja mzima ukacheka. Mlevi mmoja alinikaba shingo akitaka picha, akanimwagia bia kwenye uwazi wa mdomo, ambao ndio dirisha langu pekee. Yote hayo bila kusema hata "aisee". Bundi alikuwa na sikukuu yake ya kuzaliwa, akaletewa keki na kadi tele. Yangu ilifuata baada ya siku chache na pale klabuni hakuna aliyejua kama nimezaliwa.

Kwa kuwa bundi haoni miguu yake, nilikuwa na msimamizi, mwanamama wa Kizungu wa makamo aliyenishika bawa na kuniongoza kila mahali. Mtu mwema, ila mbishi, na aliamini hakuna tatizo duniani ambalo bundi hawezi kulitatua kwa kukumbatia. Yeye ndiye aliyenipeleka wodi ya watoto ya hospitali moja ya upande wa magharibi. Klabu ilikuwa na desturi ya kutembelea wagonjwa, na mimi nilikuwa nimeshakwenda hospitali nyingine bila shida yoyote.

Safari hii tulifika kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Binti wa miaka kumi hivi, mwembamba, skafu ya timu yetu shingoni juu ya gauni la hospitali. Alikuwa anangoja kufanyiwa upasuaji na alikuwa ameomba jambo moja tu, aje bundi. Kitandani kwake palikuwa pametandikwa kitenge.

Nilipokiona kile kitenge nilijua hawa ni watu wa kwetu, wanaomjua bundi. Nikasimama. Nikamtikisia msimamizi wangu kichwa kwamba hapana, tusiende. Akacheka, akadhani naigiza. "Twende bwana," akaninong'oneza, "mtoto amekusubiri wiki nzima." Akanisukuma mgongoni, na mimi sina mdomo wa kueleza.

Binti alifurahi hadi nesi akaja kumtuliza. Aliingiza uso wote kwenye manyoya ya kifua changu, akabaki hapo. Ndipo mama yake akarudi na kikombe cha chai.

Kikombe kilianguka. "Shindwa!" alisema. "Shindwa! Toka kwa mutoto yangu, kwa jina la Yesu!"

Nikamjua kwa lafudhi kwamba ni Mkongomani. Manesi walimkimbilia wakidhani ameungua chai. Msimamizi wangu akaanza kumweleza kwamba vazi hufuliwa na halina vijidudu. Yule mama hakuwasikia. Wodi nzima, mtu pekee aliyemwelewa alikuwa bundi.

Na hapo nikakosea. Sikukosea kwa ubaya, nilikosea kwa huruma, jambo ambalo linaniudhi hadi kesho. Nikainamisha mdomo wangu wa ndege nikamwambia polepole, "Mama, usiogope. Mimi ni mtu kama wewe."

Jamani. Hebu jiweke mahali pake. Mwanao anangoja kupasuliwa. Unatoka kidogo kuchukua chai, unarudi unakuta bundi mwenye kimo cha mlango amemkumbatia, na unapomkemea anakujibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke, anakuita mama.

Alipiga ukelele ambao sijausikia hata msibani. Akamfunika mtoto kwa kile kitenge na kumlalia juu. Mtoto akawa analia chini ya mama yake, kwa Kiingereza, kwamba bundi asiondoke. Manesi wakanitoa. Nilitolewa kinyumenyume kwa sababu mkia haukuweza kugeuka pale mlangoni, kwa hiyo niliona yote mpaka mwisho.

Kwenye gari msimamizi wangu alikuwa na neno moja tu, kwamba nimesema. Nilijua kwamba siruhusiwi kusema. Nilijaribu kumweleza bundi ni nini kwetu, akaniambia kwamba huo ni utamaduni wa kuvutia sana. Nilitazama nje. Hasira yangu haikuwa kwa yule mama. Ningekuwa mimi ningemrushia kiti. Hasira ilikuwa kwamba mtoto mgonjwa alinitaka, nilikuwepo, na nilikuwa nimemharibia kabisa.

Jumapili nilikwenda kwenye ibada ya Kiswahili, Parramatta, katika ukumbi tunaokodi mchana. Wakati wa ushuhuda alisimama mama mmoja aliyevaa kitenge. Nikamtambua kabla hajafungua kinywa.

Akasimulia. Hakuongeza chumvi, alisema kama ilivyokuwa: ndege mkubwa, macho ya njano, amemkumbatia mtoto, akasema Kiswahili. "Nikamukemea kwa jina la Yesu, akakimbia! Akakimbia kinyumenyume!" Ukumbi ukalipuka. Amina! Watu walisimama, ngoma zikapigwa. Na mimi nikasimama nikasema amina, ningefanyaje, nimezungukwa kulia na kushoto na watu wanaomshukuru Mungu kwa kunikimbiza mimi.

Kisha akashusha sauti. Alisema upasuaji ni Jumatano na anaomba maombi, lakini si ya upasuaji peke yake. "Tangu nifukuze ile ndege, mutoto hanisemeshe. Anageuza uso kwa ukuta. Nampa chakula, hasemi kitu. Naomba anisemeshe tu, mbele ya docteur kumulaza." Yaani kabla daktari hajampa dawa ya usingizi.

Nilikaa chini. Sikusikia mahubiri yaliyofuata. Ningeweza kumfuata mama yule na kumwambia neno moja, kwamba yule bundi alikuwa mimi. Lakini fikiria neno hilo linavyosikika. Kwa mtu wa kwetu, mwanamke anayekujia na kusema "yule bundi aliyekuja kwa mwanao ni mimi" hajatoa maelezo. Amekiri.

Niliamua kumwonyesha badala ya kumwambia. Vazi lilikuwa kwenye buti la gari, maana huwa nalipeleka nyumbani Quakers Hill kulianika. Baada ya ibada nikamwita, nikamwamkia kwa adabu, nikamwomba anifuate hadi maegesho. Pale jua lilikuwa kali na watu wanapita, nikadhani hofu itapungua. Nikafungua buti.

Aliruka nyuma hadi akagonga gari la jirani.

"Tazama, mama," nikasema. Nikavaa kichwa bila kufunga mikanda. Nikavua. Nikavaa tena. Nikavua. "Ni nguo. Ni kazi yangu, nalipwa. Tazama zipu."

Alinitazama mimi, wala si zipu. "Weye ni mwanamuke muzima," akasema. "Muswahili. Na ulikubali kuvaa bundi?"

Nikamsogezea kichwa akione kwa ndani. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Alisogea kidogokidogo. Akachungulia ndani ya kichwa, akanusa, akakunja uso. "Inanuka soksi," akasema. Nikamwambia ndiyo, na siku za joto inanuka vibaya zaidi. Nadhani ni ile harufu iliyomlegeza. Lakini kulegea si kuamini. Kwanza alikasirika kwamba nimemwacha ashuhudie mbele ya kanisa zima, akanikataza kumwambia mtu yeyote. Nimemtii, na ushuhuda wa bundi bado unatajwa pale ukumbini kila baada ya muda, nami bado naitikia amina.

Nilimwambia nitakwenda Jumanne, nimtembelee binti tena, yeye mama akae hapohapo aone. Akatikisa kichwa. Alishika kile kichwa cha bundi kwa mikono miwili, akikiweka mbali na tumbo lake.

"Hapana. Nitavaa miye," akasema. "Kama iko kitu humu ndani, inikute miye kwanza."

Nalisema sasa kabisa: mtoto alipona. Siwapendi watu wanaosimulia habari za watoto wagonjwa huku wakificha hilo ili usome roho ikiwa juu. Na mimi nilipoteza kazi, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuvaa vazi la klabu ila aliyeajiriwa kulivaa, na habari zilifika klabuni. Nilimpigia simu msimamizi wangu kumweleza nitakachofanya. Akanisomea sheria zote, za bima na za nini, kisha akauliza ni saa ngapi ili ahakikishe hapokei simu za bosi. Mbishi, lakini mtu mwema.

Jumanne mchana nesi wa zamu alitufungulia chumba cha mashuka. Yule mama aliliombea vazi kipande kwa kipande, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mabawa. Nilipomfunga mikanda ya kichwa, ambayo hukazwa kwa nyuma pasipofikika, nilisikia pumzi yake imebadilika. Nikamwambia avute hewa kwa mdomo na asiseme kitu.

"Hata akiniita?"

"Hata akikuita."

Nikamshika bawa nikamwongoza. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi bundi anavyoonekana kwa nje akitembea, na kusema kweli anatia huruma.

Binti alikaa kitako alipotuona. Alicheka kwa sauti. Bundi alifika kitandani akasimama kama mti, hajui mabawa ayaweke wapi, mpaka binti mwenyewe akayachukua akajizungushia. Wakabaki hivyo. Mimi nilitazama dirishani.

Halafu binti akatazama mlango, na uso ukabadilika. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama watoto wote wa huku, mama yake yuko wapi. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba yuko karibu. Akaniomba nimzuie asiingie kwanza, ataogopa tena, siku ile alitetemeka usiku kucha. Nikamuuliza kwa nini hamsemeshi mama yake. Alichezea ncha ya skafu. Akasema hajui aanze vipi. Kiswahili anakisikia tu, na mambo makubwa hawezi kuyasema kwa Kiswahili, na mama yake hayapati vizuri kwa Kiingereza.

"Mambo gani makubwa?"

"Kesho nikifa," akasema, bila kulia, "Mama atasema ni bundi. Atajilaumu kwamba alitoka kwenda kuchukua chai. Auntie, wewe unajua Kiswahili. Mwambie si bundi. Mwambie ni mtu tu humo ndani."

Kiingereza hicho hakikuwa kigumu. Bundi alikisikia. Mabawa yalipanda kichwani yakaanza kupapasa shingo, yakitafuta mikanda, na mikanda iko nyuma. Nilisikia akihangaika humo ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Binti alirudi nyuma, sasa yeye ndiye aliyeogopa.

Nikafungua mikanda. Kichwa kilitoka na nywele zimemlowa, jasho na machozi havitofautiki, na yule mama akasimama pale na mwili wa ndege akihema.

Binti alinyoosha mkono akaugusa uso ule. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha mama yake, "Mama. Kumbe ni weye."