Fundi Lukmani na Goti la Protase

Lukmani Rugaibula alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, na wanaomkumbuka hawakubaliani kuhusu ushonaji wake. Wengine husema suruali zake zilikaa vizuri kiunoni, wengine husema zilibana. Kuhusu mpira hawabishani. Hakuna aliyejua kumpima mchezaji kama yeye, na tangu mwaka 1953 hakuna aliyemsikia tena akimpima yeyote. Zabibu, mkewe, ambaye habari hizi nyingi zimetoka kinywani mwake, anasema watu walidhani ni kiburi.

"Ilikuwa aibu," anasema. "Ilimjia kama homa ya vipindi. Nilikuwa naiona inavyopanda."

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, katika barabara inayoshuka gatini. Jioni, kazi zilipofungwa, mashabiki walikusanyika hapo. Mji ulikuwa na timu mbili zilizogawa hata watu wa nyumba moja: Nyota ya Ziwa, timu ya Waislamu wa mjini na wapagazi wa gatini, na Mashineni, timu ya kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa. Nyota ilikuwa na mashabiki, basi. Mashineni ilikuwa na kazi za kugawa. Aliyekubali kuivalia jezi alipewa nafasi kiwandani na chumba katika nyumba za wafanyakazi, na huo ndio uliokuwa mkataba wa mchezaji wa siku zile. Kwa hiyo mabishano ya barazani hayakuhusu mabao peke yake. Yalihusu nani anahama, amepewa kazi gani, na kama miguu yake inaistahili kazi hiyo.

Protase aliingia Nyota mwaka 1951. Alikuwa kijana wa Kanazi, mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye kibanja cha migomba na kahawa, na alicheza winga ya kushoto pekupeku, vifundo vya miguu vimefungwa vitambaa. Msimu haukuisha kabla Mashineni hawajaanza kumtolea macho. Viongozi wa Nyota walikutana wakiwa na hofu, na Lukmani, ambaye hakuwa hata mjumbe, ndiye aliyetoa njia.

"Karatasi ya kumsainisha hatuna, wala kazi ya kumpa," aliwaambia. "Lakini yeye ni Mhaya na mimi ni Mhaya. Niachieni mimi."

Alichokusudia ni omukago, udugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina buni mbili. Wawili wanaofunga udugu hujichanja karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka buni yake damu yake, kisha akammezesha mwenzake. Kuanzia hapo kila mmoja ni munywani wa mwenziwe. Hamnyimi, hamdhuru, hatoi siri yake, na mama wa mmoja ni mama wa wote wawili. Padri aliukataza udugu huo na shehe vilevile, kwa hiyo waliufunga kimya nyumbani kwa mjomba wa Protase, na mjini habari yake ilizungumzwa kwa kunong'ona.

Ni lazima isemwe wazi kwamba Lukmani aliingia katika udugu huo kwa hila, kama mtu anayemfunga mbuzi kamba ili asile shamba la jirani. Lakini jambo likawa kweli mikononi mwake. Mechi zilipochelewa, Protase alilala kwake. Uchungu wa uzazi ulipomshika Zabibu wakati wa masika, Protase ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, kwa kuwa Lukmani alikuwa Muleba kwenye msiba. Bi Joviana, mama yake Protase, kila alipoteremka sokoni, alimletea Lukmani mkungu wa ndizi na kumwita "mwanangu" mbele ya watu. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba kulikuwa na kamba.

Mwaka 1953 Protase alikuja barazani asubuhi, saa ambayo hakukuwa na mashabiki.

"Munywani, nataka kukuomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Mashineni. Wananipa ukarani wa mizani. Kupima magunia na kuandika, basi."

Lukmani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Na Nyota?"

"Nisikilize kwanza." Protase aliketi juu ya jora la kaniki na kupandisha suruali. "Goti hili la kushoto limekwisha. Nikitoka uwanjani mama hulikanda kwa maji ya moto, na asubuhi bado limevimba. Limenibakishia msimu mmoja, nikibahatika miwili. Baadaye nitarudi Kanazi nikashike jembe kwa mguu mmoja? Lakini nikishakuwa karani, nimekuwa karani. Hawaajiri goti, wanaajiri mkono unaoandika. Nani mwingine anajua habari hii? Wewe na mama."

Lukmani akamwambia, "Nenda, ndugu yangu. Nyota tutapata winga mwingine." Zabibu alikuwa ndani ya duka akichagua vifungo na alisikia kila neno. Anasisitiza kwamba mumewe alisema hivyo kwa moyo mweupe.

Habari ya uhamisho ilipoenea, baraza ilichemka. Mutalemwa, katibu wa timu ya Mashineni na msimamizi pale kiwandani, aliahidi kuwaachia Nyota kipa wao wa akiba, Clavery wa Muleba, ili kupoza roho za watu. Jioni hiyo Mutalemwa mwenyewe alikuwepo, amekuja kuchukua suruali yake, na amekaa kimya kwenye kiti cha wateja.

"Clavery!" alisema Uledi, mzee wa gatini ambaye babu zake walitoka Pangani. "Yule anayedaka kunguru akauacha mpira? Mnatupa mlango uliovunjika, mnachukua nyumba."

"Kipa ni kipa," alijibu Burhani, muuza nyama, shabiki wa Mashineni aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. "Winga hugusa mpira mara chache, mechi ikaisha. Kipa usipokuwa naye unafanyaje? Unamweka mkeo golini?"

"Mke wangu angedaka kuliko Clavery."

"Basi msajilini, tumwone na baibui lake!"

Walicheka. Burhani akamgeukia Lukmani, aliyekuwa akishona ukosi wa shati bila kuinua uso.

"Fundi, leo kimya. Si wewe uliyetuhesabia kwamba winga mmoja wa Nyota ni sawa na mafulubeki watatu wa Mashineni? Sasa huyo wa thamani yuko wapi? Kafuata mizani!"

"Mwache afuate," alisema Lukmani.

"Ati nimwache! Jamani, si tulisikia mtu na mtu walimeza buni? Kumbe damu ya fundi ni nyepesi. Ukarani tu umeizidi. Pole sana, fundi. Umejichanja tumbo bure."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu zaidi, hata watu wa Nyota walikuwamo. Uledi alifuta machozi kwa kanzu. Katika mkusanyiko ule Lukmani ndiye aliyezoea kuchekesha, na hakuwa na mazoea ya kuchekwa. Aliweka shati chini.

"Mchukueni!" alisema. "Mnajua mnachokichukua? Ninyi mnapima mchezaji kama mnavyonunua nguo, kwa kutazama mbele. Mimi naigeuza nitazame mishono. Goti lake la kushoto limekwisha! Akitoka uwanjani mama yake hulikanda usiku kucha kama mtoto mchanga. Msimu mmoja, jamani, halafu mtakuwa na karani kilema, na sisi tutakuwa na kipa. Nani kamlalia mwenzake? Burhani, niambie, nani kalaliwa hapa?"

Baraza ililipuka. Uledi alimpiga mgongoni. Mtu mmoja alimvua Burhani kofia na kuitupa juu. "Umelaliwa, Burhani! Umeuziwa mbuzi wa miguu mitatu!" Lukmani naye alicheka. Baadaye alimwambia Zabibu kwamba alicheka kwa raha kabisa, na kwamba kilichomkera maisha yake yote, kuliko hata maneno yenyewe, ni raha ile.

Mutalemwa peke yake hakucheka. Alikunja suruali yake, akaiweka kwapani, akaondoka.

Siku ambayo Protase alitakiwa kuanza kazi, walimpeleka kwanza kwenye ua wa malori pale kiwandani. Mutalemwa alimwambia apande lori na kuruka chini, arudie tena na tena, wafanyakazi wakitazama. Alivumilia mara kadhaa. Mwishowe goti lilikataa, akaanguka kifudifudi kwenye makapi ya kahawa. Mutalemwa akamwambia kwamba nafasi ya ukarani imejazwa.

"Nani kawaambia habari ya goti?" aliuliza Protase, bado yuko chini.

"Ndugu yako fundi. Barazani, mbele ya watu."

"Huo ni uongo."

"Waulize waliokuwepo."

"Siwaulizi. Yule ni munywani wangu. Hawezi kunitaja." Waliokuwepo wanasimulia kwamba aliyarudia maneno hayo mpaka kwenye geti, akiegemea ukuta, na kwamba baadhi yao walishindwa kumtazama.

Lukmani alipata habari jioni. Hakushona, hakula. Kesho yake aliazima baiskeli na kupanda Kanazi, amekwisha kuyapanga maneno atakayosema. Bi Joviana alimpokea uani kwa mikono miwili.

"Waitu, mwanangu! Umesikia walivyokusingizia huko mjini? Ati wewe! Nimewaambia majirani, mwenye kusema hivyo na aje aseme mbele yangu." Akamvuta ndani na kumkalisha mahali pa mwana wa nyumba, kisha akatoka kwenda kuepua ndizi.

Protase alikuwa amelala kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, goti limefungwa majani.

"Munywani," alianza Lukmani, "nimekuja kusema neno."

"Umekuja kuniona. Inatosha."

"Siku ile Mutalemwa alipokuja kuchukua suruali—"

"Usiseme."

"Lazima niseme."

"Lazima ya nani?" Protase aliinuka kwa kiwiko na kupunguza sauti. "Nisikilize vizuri. Mimi nimemwambia kila mtu kwamba si wewe. Nimemwambia mama. Ukilitamka ndani ya nyumba hii, limetamkwa. Mila itanilazimisha, na mama itamlazimisha: hutavuka mlango huu tena, na mwanao akipita njiani hatutamwitikia salamu. Wewe utakuwa umetua mzigo, utashuka mjini mwepesi. Na mimi? Kazi nimeipoteza. Mguu nimeupoteza. Sasa unataka nipoteze na mtu?"

Bi Joviana aliingia na ndizi zinazofuka moshi, akachagua iliyoiva vizuri zaidi na kuiweka mbele yake.

"Kula, mwanangu. Mbona umekonda? Ni hayo maneno ya watu. Usiyasikilize."

Alikula. Zabibu anasema mumewe hakuwahi kueleza namna alivyoweza kumeza. Alisema tu kwamba mama yule alimwongeza mara mbili, na mara zote mbili alipokea.

Goti halikupona. Protase alihamia kisiwa cha Bumbire kwa shemeji yake, akawa mshona nyavu, kazi ya kukaa. Kila alipovuka kuja mjini alipitia barazani na samaki kwa ajili ya Zabibu. Lukmani aliendelea kushona mahali palepale. Mashabiki waliendelea kuja, wakambembeleza atoe hukumu kuhusu huyu na yule, naye alijibu kwamba mpira haujui. Alipoona wamekazana, alikanyaga cherehani kwa nguvu hadi wasisikilizane.

Jioni moja ya mwaka 1954 Protase aliwakuta katikati ya mabishano. Nyota walitaka kumbadilisha Clavery, ambaye Mashineni waliwaachia hata hivyo, kwa fulubeki wa timu ya misheni, na Uledi alikuwa akiapa kwamba hata wakitoa Clavery pamoja na nguzo za goli bado watakuwa wanadaiwa. Walimpisha Protase aketi. Kijana mmoja mgeni, aliyehamia mjini mwaka uleule, akamwuliza bila kujua lolote:

"Bwana, si wewe uliyekuwa winga? Wanasema Mashineni walikukosa kwa sababu ya maneno ya mtu."

Cherehani ilisimama.

"Ni goti," alisema Protase. "Maneno hayavunji goti."

"Lakini wanasema mtu huyo alikuwa rafiki yako wa karibu."

Protase alinyoosha mkono na kuuweka begani kwa Lukmani. "Rafiki yangu wa karibu ni huyu. Hajawahi kunitaja kwa ubaya hata siku moja. Waulize hawa, wote walikuwepo siku zile. Burhani, si kweli?"

Burhani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, alitazama kandambili zake. "Kweli," alisema, kwa shida.

"Mzee Uledi?"

"Kweli, mwanangu."

Aliwapitia wote, mmoja mmoja, bila hasira na bila haraka, na kila mmoja wa wale waliocheka jioni ile alilazimika kutoa ushahidi wake wa uongo mbele ya Lukmani. Lukmani aliinama juu ya sindano, akijaribu kutunga uzi, na uzi haukuingia. Protase aliupokea, akautia mate mdomoni, akautunga yeye.

"Macho yameanza kuchoka, ndugu yangu," alimwambia. "Twende nyumbani, samaki wataharibika."

Walishuka barabara pamoja, mmoja akichechemea, mwingine akipunguza hatua ili amngoje. Barazani hakuna aliyerudi kwenye habari ya Clavery jioni hiyo.