Maziwa Yangu na Maracuja ya Mukamwana

Masomo yangu yalikomea darasa la pili. Nasema mapema, ili mutu anayetafuta Kifaransa kikubwa hapa afunge aende kwa wengine. Nyumba yangu ya Bagira, ya matofali, yenye saruji chini na mabati yasiyovuja, ilijengwa na maziwa. Kila asubuhi nilitoka Kasha na bido ya maziwa kichwani mpaka soko la Kadutu, kwa miguu, mvua ama jua, na watoto wangu sita walisoma kwa maziwa hayo. Kwa hiyo mutu asinifundishe maziwa. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, na ndio nataka kueleza.

Mukamwana wangu, bibi ya kitinda mimba wangu, amesoma. Anafanya kazi kwa ofisi. Saa moja asubuhi pikipiki inamuchukua na begi ya kompyuta mugongoni, anarudi jua likiwa linashuka. Siwezi kumusema vibaya: anapika sombe, majani ya muhogo, kuliko mabinti zangu wa tumbo. Lakini ana dini ya pili nyuma ya ile ya kanisa, nayo ni matunda. Alileta nyumbani mashine ya kusaga maracuja na mananasi. Umeme ukikuwepo, mashine inalia mpaka majirani wanajua tumeamka. Umeme ukikosa, anakamua maracuja kwa mukono, anachuja, anatia vijiko vitatu vya sukari, na mutoto anakunywa kikombe kizima mama yake akiwa anafunga viatu.

Mutoto ni mujukuu wangu wa kike. Wakati huo alikuwa na mwaka mumoja na miezi nane, mukorofi, mwenye kicheko cha muzee. Juu yake tuligombana karibu kila siku.

“Mama, maziwa iko na mafuta mingi,” mukamwana alinieleza siku moja mezani. “Juisi njo iko na vitamini.”

“Vitamini, vitamini. Ulishaona ndama ananyonya chungwa?”

“Mutoto hapana ndama, mama.”

“Na hapana popo pia, wa kulishwa matunda kila siku.”

Kijana wangu alichukua sahani yake akaenda kula inje. Mwanaume mwenye akili.

Mimi nilikuwa na hoja zangu, na bado nazipenda. Maziwa inajenga mufupa, meno na nyama ya mwili, na mafuta yake yanashika mutoto mpaka anashiba kweli. Juisi kwangu ilikuwa maji yaliyooga pamoja na tunda, kisha yakavaa sukari. Mukamwana naye alisema damu na ngozi zinataka matunda, na watu wa mulimani tulijua maziwa tu juu hatukuwa na kingine. Hilo neno liliniuma. Nilimujibu kwamba mimi nina miaka zaidi ya sabini na meno yangu yote, isipokuwa mawili niliyopoteza kwa kufungua chupa.

Basi kila mutu alifanya yake. Pikipiki ikishaondoka, mimi nilichemsha maziwa, nikayapoza, nikamupa mutoto kikombe chake kikubwa, na kingine jioni kabla mama yake hajarudi. Juisi yake sikuimwaga kamwe. Mimi si muchawi. Niliongeza tu maziwa juu yake.

Na hapa niseme sheria ya kwetu. Mama yangu alitufundisha hivi: aliyekunywa maziwa asiguse kitu kingine mpaka jua lisimame katikati ya kichwa. Ukichanganya maziwa na maharagi ndani ya tumbo moja, ng'ombe anakauka. Na maziwa ya jioni yakiingia, mudomo unafungwa mpaka kesho. Niliishika sheria hiyo maisha yangu yote kama wengine wanavyoshika rozari, na ng'ombe wetu hawakukauka. Watoto wangu walikua nayo. Kwa hiyo mujukuu akiomba andazi saa tatu, nilimwambia: “Bado, mama. Ngoja jua.”

Siku ya kupima watoto kwa santre ya afya ilikutana na siku mukamwana hakuwa na kazi. Tulienda wote wawili, kila mutu akiwa na uhakika kwamba mizani itamupa haki. Mutoto anavalishwa kaptula ya kitambaa yenye kamba, ananing'inizwa kwa mizani kama mbuzi wa soko, analia, wamama wanacheka. Wetu alipoteremshwa, muganga, binti mudogo mwenye umri wa mujukuu wangu wa kwanza, hakucheka. Alitazama karatasi ya mwezi uliopita. Akachukua kikanda kile chenye rangi tatu, akakizungusha kwa mukono wa mutoto. Kilisimama kwa manjano, rangi ya kuonya.

“Anashuka,” alisema. “Na macho yake, ndani ya kope, iko meupe. Damu ni kidogo. Mwezi ujao akigusa nyekundu, tunamutuma kulazwa na batoto ba bwaki.”

Bwaki. Mutu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini kwa mugeni nitasema: ni ugonjwa wa mutoto asiyelishwa, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Ndani ya nyumba ya maziwa! Haya ilinikamata kwanza. Niliona majirani wakisema, koko, nyanya yule wa maziwa, mujukuu wake iko bwaki. Kisha nilitazama ule mukono mudogo ndani ya kikanda, na haya ikaondoka, ikabaki woga tupu.

Woga ukanifungua mudomo vibaya. “Ni maji yake ya maracuja! Anamujaza sukari asubuhi yote!”

“Mama, samahani, ni maziwa yako,” mukamwana akasema. “Munafikiri sijui? Kikombe munaoshaka, lakini mutoto iko na masharubu meupe kila siku nikirudi.”

Benchi zima la wamama lilisogea ili kusikia vizuri.

Muganga aliweka kalamu chini. “Bamaman, munapigania kikombe. Mimi nauliza sahani. Huyu mutoto anakula saa ngapi?”

Mukamwana na mimi tukafungua mudomo pamoja.

“Anza asubuhi,” muganga alisema.

“Saa moja kasoro, juisi,” mukamwana akajibu.

“Nyuma yake?”

“Saa mbili, maziwa,” nikasema. “Kikombe kimoja. Kikubwa.”

“Nyuma yake?”

“Anangoja jua.”

“Anangoja nini?”

Ilibidi nieleze sheria ya mama yangu mbele ya watu wote. Muganga hakunicheka, na kwa hilo namushukuru mpaka leo. Alihesabu kwa vidole, sisi tukimujibu. Saa sita mutoto amechoka kungoja, analala. Saa nane anaamka, anapata matonge mawili ama matatu ya bugali, kisha anaomba juisi iliyobaki, anapewa ili anyamaze. Jioni mama yake anarudi, lakini mimi nimeshamupa maziwa ya pili, ameshiba, hataki sahani, na mudomo umefungwa. Muganga alinyoosha kidole kimoja tu. Mutoto wetu alikuwa anakula mara moja kwa siku, na hiyo moja haikuwa nzima.

“Anashiba vinywaji,” alisema. “Maziwa ni chakula kizuri, koko, usinielewe vibaya. Inajenga mwili na mifupa, na juisi haiwezi kufika pale. Lakini maziwa haileti damu, na ikijaza tumbo inafukuza chakula chenye kuleta damu. Na weye, maman, juisi yenye sukari vile inaua hamu ya kula. Mupe maracuja yenyewe, bila sukari, wakati anakula majani ya lengalenga na maharagi. Pale njo tunda inafanya kazi: inasaidia mwili kukamata kile chenye kujenga damu. Maziwa, kikombe kidogo, nyuma ya chakula. Nyuma, koko. Hapana mbele.”

Tulipanda mulima kurudi. Karibu ya nyumba, mukamwana alisema, “Mama, mimi nimesoma na sikuhesabu sahani.” Nilimwambia mimi sikusoma na sikuhesabu pia, tuko sawa. Alicheka kidogo huku analia.

Lakini ile sheria iliendelea kunisumbua. Kuweka maziwa na maharagi juu ya meza moja, mimi! Nilipiga simu kwa kaka yangu mukubwa, anayechunga ng'ombe wetu kule Kasha, nikitaka aniambie nisithubutu.

Alikohoa, kisha akacheka mpaka nikasogeza simu kutoka kwa sikio. “Weye mutoto wa mwisho, hukujuaka kitu. Mama alitunyima chakula mpaka saa sita juu chakula hakikuwako. Kulikuwa sahani moja kwa siku. Angesema nini kwa batoto saba? Akasema ng'ombe atakauka, tukanyamaza.”

“Na weye, unashikaka sheria?”

“Mimi? Nakulaka maharagi na mashanza, maziwa ya kuganda, ndani ya bakuli moja tangu nilipooa. Ng'ombe ni wanene, uje uone.”

Nilikata simu. Nilikuwa najigamba kwa njaa ya mama yangu, nikiiita heshima. Na nilikuwa naipitisha kwa mutoto ambaye jikoni kwake kulikuwa gunia la maharagi. Sikumukasirikia mama. Alifanya alichoweza, kwa ujanja. Mimi ndiye nilikuwa na gunia.

Kesho yake asubuhi mukamwana alikata maracuja moja, akaniachia nusu mbili ndani ya sahani. Mimi niliponda maharagi na lengalenga na sambaza kavu, dagaa za huku, zilizotwangwa. Saa mbili jua lilikuwa bado nyuma ya mulima, na mujukuu alikula. Siku za kwanza alitema, akalilia kikombe, akanirushia kijiko. Nilikuwa na kichwa kigumu kabla yake. Tulishindana mpaka akakubali. Maziwa yalikuja nyuma, kikombe kidogo kama cha kahawa, si zaidi.

Mwezi uliofuata, kaptula ile ile, kilio kile kile. Mushale wa mizani ulipita alama ya zamani. Kikanda kilifika mwanzo wa kijani, mwanzo kabisa, ukipumua vibaya unarudi manjano, lakini kijani. Mukamwana alinishika mukono mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwa tumezoea.

Muganga akaniambia, “Koko, waeleze hawa. Mimi wanasema ni mutoto, sijazaa.”

Sikutaka. Wamama wengi kwenye benchi lile wamekunywa maziwa yangu. Nilisimama hata hivyo, nikawaambia kila kitu, kikombe kwa kikombe, pamoja na sheria na jua na kidole kimoja cha muganga.

Mwanamuke mumoja wa nyuma, mwenye mutoto mugongoni, aliinua sauti: “Sasa koko, na mimi mama yangu anasemaka hivyo hivyo kuhusu maziwa. Nimwambie nini?”

“Usimwambie kitu,” nilisema. “Mulete hapa siku ya kupima.”