Nilivyojifanya Mtani Msibani Newala

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, ila hadi leo nikipita Newala nashusha kofia usoni, na bodaboda wa pale stendi wakinitambua wananiita Bibi. Ngoja niwaeleze vile ilivyokuwa, maana nyie mmesikia ya Saidi, na Saidi mnamjua, chumvi kwake haina kipimo.

Mimi Shaibu, jukwaani Mwamba wa Kusini (najua, hapa Masasi wapo Mwamba wa Kusini wengine, na mmoja ni jirani yangu), nimerap tangu sekondari. Mistari ninayo, kilichokosekana ni mtu wa kunishika mkono, kwa sababu andagraundi bila koneksheni unaweza kuimba mpaka mvi zikuote na wanaokujua wakabaki walewale wa kijiweni. Kuna prodyuza anaitwa Mchwa, kijana wa Newala mwenye studio Dar, nilikuwa nimeshamtumia ngoma zangu kila mtandao alioko, anaona na kunyamaza. Nikajiapiza kwamba mwaka ule ukiisha Mchwa hajanisikiliza, basi naacha muziki, naenda kupalilia mikorosho ya mjomba kama alivyokuwa akinisihi siku zote.

Sasa asubuhi moja kwenye grupu letu la machalii wa hip hop mtu akaandika kwamba Mchwa yuko Newala, kafiwa na bibi yake. Wenzangu wakaandika pole, mimi nikasema afadhali (Mungu anisamehe). Nikaweka ngoma yangu kwenye flashi, nikamwita Saidi, ambaye ana pikipiki na ndiye ananipigia kelele za nyuma jukwaani, nikatoka bila kumuaga mama, maana mama akisikia neno muziki siku yake inaharibika. Njia nzima tunapanda mlima Saidi ananionya kwamba msibani hapaendi mtu na flashi, toa pole, kaa, kula ugali, ukipata nafasi muombe namba, tuondoke. Nikamwambia sawa.

Tukakuta wameshazika. Wanaume wamekaa kwenye mikeka uani, akina mama wamejaa barazani, na Mchwa yuko kwenye mkeka wa wafiwa kajiinamia, katikati ya wazee, na mtu hakai pale, unatoa mkono wa pole unapita. Nikatoa mkono, akasema asante bila kuinua uso, nikaenda kukaa huko mwisho karibu na kuni. Nikaona hapa nitarudi na flashi yangu.

Mara akatokea mzee mmoja kavaa kofia nyuma mbele, akaenda moja kwa moja kwa Mchwa, akamvua miwani akaivaa yeye, akamwambia alie vizuri, machozi gani hayo hayatoshi hata kunywesha kifaranga. Na Mchwa akacheka! Nikamuuliza jirani yangu yule ni nani, akasema ni Mzee Issa, mtani wa ukoo. Na mtani, mnajua wenyewe, msibani hakatazwi kitu, atamdhihaki marehemu, atanyang'anya, atadai, na mfiwa haruhusiwi kununa. Nikasema moyoni, huu ndio mlango. Nikamfuata Mzee Issa, nikampa shikamoo, nikamwambia na mimi ni mtani, natokea Masasi.

Hakuniuliza mtani kwa upande gani. Alishukuru, akasema yuko peke yake tangu asubuhi na magoti yanamuuma, akanishika mkono akanipeleka chumba cha uani, na kabla sijafungua mdomo kuhusu flashi nimeshafungwa kanga za marehemu, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, nikaambiwa mimi sasa ndiye bibi. Nikauliza bibi yupi. Akasema huyo tuliyemzika, toka nje ukawagombeze. Nikauliza alikuwa anagombeza vipi, akanitazama kama mtu aliyeletewa kibarua asiyejua kushika jembe, akaniambia alipenda ugoro, na kuku wake hakutaka waguswe. Akanisukuma.

Nikatoka. Sikuwa na namna, nikapinda mgongo, nikanusa ugoro (wa kweli, kanipa yeye), nikapiga chafya kama tano mfululizo, nikauliza nani kamla jogoo wangu sijafika hata kaburini. Watu wakacheka, akina mama barazani wanacheka huku wanajifuta machozi, na mimi sielewi kama nawaliza au nawachekesha. Lakini msanii wa andagraundi ana ugonjwa wake, akiona watu wengi wanamtazama anadhani ni shoo. Maneno yakaanza kuja yenyewe, vina vinajipanga, bibi anarap jamani, nikajikokota na fimbo mpaka mbele ya Mchwa, nikachomoa flashi kwenye kanga.

"Mjukuu wangu, nimerudi kwa jambo moja tu," nikamwambia kwa sauti ya kizee. "Hii isikilize. Huyu kijana wa Masasi anajua."

Mchwa akaipokea. Akacheka mpaka akajishika tumbo, akaitia mfuko wa shati. Nilijiona nimeshafika Dar.

Ndipo ikasimama gari njiani, wakashuka akina mama na mafurushi ya unga kichwani, wanalia kama desturi, na aliyetangulia, anayelia kuwashinda wote, ni mama yangu. Nikadhani ule ugoro umenipanda kichwani. Mama anatafuta nini hapa? Wale wa barazani wakamkimbilia, wanamkumbatia, wanamwita mwanetu, na mimi nimesimama na fimbo yangu najaribu kupata maana. Mama akainua uso. Akaiona kanga kwanza, halafu akaniona mimi ndani ya kanga. Kilio kikakatika.

"Shaibu?"

Na mimi, sijui shetani gani alinikamata ulimi, mgongo bado nimeupinda, nikaitika kwa sauti ya bibi: "Naam, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Issa akamuuliza mama kama ananifahamu, mama akasema ni mwanangu wa kumzaa. Hapo watu wote walielewa isipokuwa mimi. Kwetu ukoo unafuata kwa mama, na marehemu alikuwa mama mdogo wa mama yangu, yule bibi wa Newala aliyekuwa akitutumia korosho kila msimu, nimezila maisha yangu yote bila kuuliza anayezituma anafananaje. Mama alikuwa amenitangazia msiba jana yake kupitia mlangoni, nina spika masikioni, nikajibu sawa mama, kama ninavyojibu kila kitu. Kwa hiyo mimi sikuwa mtani. Mimi nilikuwa mfiwa. Mahali pangu palikuwa pale kwenye mkeka, kando ya Mchwa, tangu asubuhi, watu wakinipa pole.

Aliyekasirika kuliko wote ni Mzee Issa, eti nimemchafulia kazi yake, akanivua zile kanga mwenyewe mbele za watu. Wazee wakaamua nipasue kuni na kuchota maji mpaka matanga yaishe. Mama aliingia ndani, na ningependa zaidi angenichapa.

Nikaenda kukaa kwenye mkeka wa wafiwa, sasa walisogea wakanipa nafasi. Nikaona aibu, nikatoa pole upya, halafu (kweli mimi sina akili) nikamnong'oneza Mchwa, kaka, ile flashi je. Akaitoa mfukoni, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole.

"Ungekuja kama ndugu, ningekusikiliza kama ndugu," akasema taratibu. "Umekuja kama mtani, nimekucheka kama mtani. Tumemalizana."

Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniuma. Mwaka ukaisha, na mikorosho ya mjomba mnaiona ilivyo safi. Ila nimeapa, sitoki tena kumtafuta mtu popote kabla sijamuuliza mama huko tuna nani. Juzi nilitaka kwenda kwenye shoo Tandahimba, nikamuuliza, akaanza kunihesabia mama wakubwa, wajomba na makaburi, bado hajamaliza nikavua viatu nikakaa.