Tembo wa Saruji Katika Shamba la Mama

Baba mkubwa alikuwa na duka Kosele, na tumbo lililomtangulia kila alikokwenda. Baba yangu alipofariki, ukoo ulimkabidhi yeye mama yangu ili amtunze. Alimtunza kwa kumnyang'anya shamba la karanga.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Alikwenda Homa Bay kununua bidhaa, akarudi na gazeti la picha kutoka Uchina. Ndani yake mlikuwa na njia ndefu iendayo kwenye makaburi ya wafalme wa kale. Kandokando walipangwa tembo na ngamia wa mawe, na mbele zaidi askari na mawaziri wa mawe, wote wakimngoja maiti apite. Mwalimu wa shule yetu alimsomea kwamba mfalme alijijengea kaburi angali hai, na kwamba wakulima walikatazwa kulima karibu nalo. Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha zaidi, akaamua naye ajitengenezee njia ya kaburi kama ile.

Kwetu mtu hajitengenezei kaburi. Ni kujiitia kifo. Wazee walilijua hilo vizuri sana. Lakini walikuwa wakinywa chai yake yenye sukari nyingi, wakamwambia hilo ni wazo la mtu aliyetembea. Nawadharau mpaka leo.

Njia ikapasuliwa katikati ya karanga zilizoanza kutoa maua, kutoka barabarani hadi kwenye lango la boma lake. Fundi aliyeletwa hakuwahi kuona tembo wala ngamia. Alichokijua ni ng'ombe. Basi tembo wake alikuwa ng'ombe mnene mwenye mkonga, na ngamia alikuwa fahali wa kwetu kabisa, nundu na yote. Waziri alifanana na baba mkubwa, bila shaka kwa maagizo.

Mama alikwenda kumuuliza watoto wake watakula nini.

"Shemeji," akamjibu bila kuinua macho, "wewe jifunze kufikiria mambo makubwa."

Baba mkubwa alikufa kabla saruji haijaota kuvu. Siku ya mazishi wanaume walikwenda kufanya tero buru, desturi yetu ya kukifukuza kifo kwa ng'ombe, kisha wakawarudisha mbio, kwa nyimbo, kupitia njia ile ya kifalme. Fahali wa mbele akamwona ngamia, akamdhania mpinzani. Alimpiga pembe hadi nundu ikaanguka. Kundi likatawanyika, waimbaji wakakimbilia migombani, na wazee walewale wa chai wakalalia matumbo mtaroni. Mfalme akazikwa na watu waliojaa tope. Nilicheka. Mama akanifinya, lakini mabega yake nayo yalikuwa yakitetemeka.

Mvua za kupandia zilipofika, mama alichukua jembe. Wazee wakaja kumkumbusha kwamba ile ni njia ya marehemu.

"Yeye ameshafika," mama akasema, akaendelea kulima.

Karanga za mwaka huo tulizianika mgongoni mwa tembo. Ni mpana, na hupata jua siku nzima.