Tusekile na Mkwewe Mjini Gothenburg

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, chama cha ushirika cha Ikuti kilipeleka watu watatu Uswidi kujifunza ushirika. Alikwenda mwenyekiti, Mzee Ambilikile. Alikwenda Andongwisye, mpima kahawa, mtu wa maneno mengi na Kiingereza cha kuokoteza. Na alikwenda katibu, Tusekile, mke wa Simon, ambaye aliandika na kuzungumza Kiingereza bila kubabaika.

Tatizo lilikuwa moja. Mzee Ambilikile alikuwa mdogo wa baba yake Simon, yaani mkwe wa Tusekile. Na kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami mkwewe usoni, hatamki jina lake, wala hapishani naye njiani. Nyumbani si kazi ngumu: mzee akitokea, unajitosa migombani mpaka apite.

Gothenburg haikuwa na migomba.

Asubuhi ya kwanza mwenyeji wao, Bibi Birgit, aliwatembeza mjini kwa miguu. Mzee alitangulia naye. Tusekile, kitenge kichwani, alishika upande wa pili wa barabara. Mzee akivuka huku, yeye anavuka kule, na treni za mjini zinampigia kengele.

"Shemeji, utagongwa kwa ajili ya adabu!" Andongwisye alimpigia kelele.

"Heri nigongwe, kuliko wewe ukafike Ikuti kunisimulia."

Andongwisye alicheka kama mtu aliyefumwa. Tusekile alimjua. Akikosea hatua moja tu huku Ulaya, habari ingefika kisimani kwa kina mama kabla yeye hajafungua sanduku lake.

Hata hivyo hakukosa kitu. Aliona winchi za bandarini zikinyanyua magogo kama vijiti. Aliona soko la samaki lililojengwa mfano wa kanisa. Akangoja nje, mzee alipotokea mlango wa pili, akaingia wa kwanza, akatazama samaki waliolazwa juu ya barafu hadi akatosheka.

Gatini walimkuta mpiga picha wa gazeti la ushirika.

"Simameni pamoja, nyote watatu," alisema Bibi Birgit. "Picha tutaituma kwenu."

Tusekile alibaki nyuma ya rundo la kamba za meli. Mwenyeji akamfuata, uso umemwiva.

"Mmegombana na mwenyekiti wako?"

Hapo Tusekile aliinua kichwa. "Hatujagombana, bibi. Yule ni mkwe wangu. Ninyi mnavua viatu mkiingia nyumbani kwa mtu. Sisi heshima yetu ni hii. Nikisimama naye kwenye picha, kwetu nitaonekana sikulelewa."

Mzee, mgongo amewageuzia, alikuwa akimsikiliza Andongwisye akimfasiria. Akasema kwa sauti, kana kwamba anazungumza na meli:

"Andongwisye, mwambie mke wa Simon, tukirudi ninamtolea ndama jike. Namfungulia. Asimame."

Hiyo ndiyo njia ya kwetu: mkwe akitoa ng'ombe, mwiko umekwisha. Andongwisye akapiga makofi. "Haya shemeji, toka huko kwenye kamba!"

"Mwambie mwenyekiti ninashukuru, ndaga," Tusekile alijibu bila kutoka. "Lakini ndama hajaonekana. Kina mama wa Ikuti hawatakula ahadi ya Uswidi."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwanamke huyu! Ndiyo maana tulimpa ukatibu. Bibi, zipigwe picha mbili."

Zikapigwa mbili. Katika ya kwanza wamo mzee na Andongwisye. Katika ya pili Tusekile yuko peke yake, kidevu juu, meli nzima nyuma yake, na hakuna aliyeitazama Ikuti akapata la kumsema.

Wiki waliyorudi, ndama alifungwa uani kwa Simon, kina mama wakipiga vigelegele. Tusekile alipiga magoti, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, katibu."