Namba Iliyoitwa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kumhudumia bibi mmoja mgonjwa, mjini Louisville, Marekani, niliona alama shingoni mwa binti yake nikaogopa. Ilikuwa upande wa kushoto, chini ya taya, nyekundu inayokaribia weusi, kama ya mtu aliyekabwa. Nilivumilia wiki nzima, kisha nikamuuliza jikoni kwa Kiingereza changu cha kuungaunga:

"Nani anakufanyia hivyo?"

Akacheka hadi akashika meza. Akaleta fidla, akaibana chini ya kidevu, ikakaa barabara juu ya alama ile.

"Huyu hapa. Tuko pamoja tangu nina miaka saba."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpiga fidla katika okestra ya mjini. Mimi nilidhani kazi hiyo ni kama kwaya yetu ya kanisani: Jumamosi mazoezi, Jumapili mnaimba. Kumbe kila asubuhi alijifungia chumbani akarudia sauti zile zile, kupanda na kushuka, mpaka mama yake amalize chai, aoge, avae, asinzie tena. Kucha alizikata mpaka nyamani. Sufuria nzito hakubeba, kisu hakushika. Nilimwona mvivu, Mungu anisamehe.

Kisha akaomba kazi kwenye okestra kubwa zaidi, katika mji wa Buffalo. Bega lilikuwa linamuuma, hakutaka kuchosha mikono kwenye usukani. Aliposikia dada yangu anaishi huko, mtaa wa West Side, akaniomba nimpeleke kwa gari. Mdogo wake akabaki na mama yao.

Tulipopita mji wa Columbus akanionyesha nje kwa kidole.

"Hapa mwaka jana wasaili wa okestra walinisikiliza dakika mbili. Wakasema asante, nikarudi nyumbani."

"Dakika mbili? Na mazoezi yote yale?"

"Ndivyo ilivyo."

Kesho yake, mlangoni pa ukumbi, alivua viatu. Nikashangaa. Akaniambia wasaili wanakaa nyuma ya pazia ili wasijue anayepiga ni nani, na mlio wa viatu ungewaonyesha kuwa ni mwanamke. Hata jina hakuwa nalo, ila namba. Sisi kwenye kambi ya wakimbizi pia tulikuwa namba, lakini sikutegemea kuona Mmarekani mzima, mwenye kazi yake, akiomba kazi kwa soksi na namba.

Asubuhi waombaji walikuwa wengi. Kufika saa kumi jioni walibaki watatu kwenye benchi la korido, yeye mmoja wao, wote wamekwisha kupiga wakisubiri matokeo, nami nimekaa upande wake wa kulia. Mlango ulio kushoto kwake ukafunguka, mwanamume akachungulia akaita namba aliyopewa mwenzangu. Yeye akaendelea kutazama vidole vyake. Akaitwa tena. Mara ya tatu wenzake wawili wakageuka kumtazama. Nikamsukuma.

"Ni wewe!"

Namba iliyoitwa ilikuwa ya mshindi: kazi alikuwa ameipata. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini uso wake ulinizuia. Ndani ya gari alikumbatia fidla yake.

"Sikumsikia," akasema. "Sikio la kushoto. Fidla imelia kando yake miaka yote hii, na sasa linakufa kidogo kidogo. Hakuna anayejua."

Sikujua nimpongeze au nimpe pole.

"Utafanyaje?"

"Nitapiga. Tafadhali usimwambie mtu. Hata mama."

Tulipofika kwa dada yangu, tulikuta amepika sombe, yale majani ya muhogo, na ugali. Akanivuta kando, akauliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani chenye Kifaransa ndani yake.

"Bon, kazi alipata?"

"Alipata."

"Donc, mbona unakuwa sawa mutu wa matanga?"

Nikamwambia nimechoka na safari.

Kiangazi yule mpiga fidla alihamia Buffalo na mama yake. Mimi nikapata kazi ghalani, huko Shively, kando ya Louisville, penye mashine za kelele. Msimamizi alipogawa vizibo vya masikio, wenzangu walivitia mfukoni wakicheka. Mimi nilivivaa palepale, nikianza na sikio la kushoto.